Insha haishikamani? Tafuta chanzo kabla ya kuongeza viunganishi

Maoni ambayo waandishi wengi wa insha hurudishiwa ni mafupi mno: "Haina mtiririko." Aliyeyaandika anajua alichokihisi wakati wa kusoma, lakini hasemi tatizo liko wapi. Mwandishi naye hukimbilia dawa iliyo karibu. Anarudi mwanzo wa kila aya na kupachika *aidha* hapa, *isitoshe* pale, *hata hivyo* kule. Insha inasomwa tena, na maoni yanabaki yaleyale.

Kiunganishi hutangaza uhusiano uliopo kati ya mawazo mawili. Hakina uwezo wa kuuzaa. Uhusiano usipokuwepo, tangazo ni la uongo. Ukiwepo lakini ukatangazwa mwingine, msomaji anapelekwa kusiko. Ndiyo maana hapa chini tunaanza na dalili, yaani kile unachokiona au kuambiwa kuhusu insha yako, kisha tunatafuta chanzo. Nenda moja kwa moja kwenye dalili inayofanana na yako.

Kipimo kimoja kinafaa karibu kila mahali. Funika kiunganishi kwa kidole, soma sentensi iliyo kabla yake na iliyo baada yake, halafu jiulize: hii ya pili inaifanyia nini ya kwanza? Majibu mengi huangukia katika mafungu manne. Inaongeza, inapinga, inatoa sababu au matokeo, au inafuata kwa wakati. Ndani ya mafungu hayo yamo mahusiano madogo zaidi kama kutoa mfano, kufafanua, kulinganisha na kuweka sharti. Ukikosa jibu, usitafute kiunganishi kwanza. Tafuta wazo linalokosekana.

Dalili: viunganishi vimejaa, lakini msomaji anapotea

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi, na ndiyo inayofichika zaidi kwa sababu kwa macho ya haraka aya inaonekana imeungwa vizuri. Tazama mfano huu:

"Wanafunzi wengi hulala saa chache. Aidha, simu huwachelewesha kulala. Vilevile, huamka wamechoka. Hata hivyo, hushindwa kusikiliza darasani. Kwa hiyo, walimu huwalaumu kwa uvivu."

Kila sentensi baada ya ile ya kwanza ina kiunganishi, na kila sentensi ni ya kweli. Sasa funika viunganishi, uulize kila sentensi kazi yake. Simu kuwachelewesha kulala si jambo la kuongezwa juu ya kulala saa chache. Ndiyo sababu yake, na *aidha* imeificha. Kuamka wamechoka ni matokeo, lakini *vilevile* imeyageuza kuwa nyongeza nyingine tu. *Hata hivyo* ni kosa la wazi: kushindwa kusikiliza hakupingani na uchovu, kunatokana nao. *Kwa hiyo* ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa kwa makini zaidi. Inafanya lawama za walimu zionekane kuwa matokeo ya haki, wakati mwandishi alitaka kusema kwamba walimu wanakosea chanzo. Kiunganishi kimoja kimeigeuza hoja nzima.

Aya hiyo ikiandikwa baada ya kujua mahusiano, inaweza kuwa hivi:

"Wanafunzi wengi hulala saa chache kwa sababu simu huwaweka macho hadi usiku wa manane. Kwa kuwa huamka wamechoka, darasani hushindwa kusikiliza. Walimu, wasiojua kilichotokea usiku, huuita uchovu huo uvivu."

Viunganishi vinne vimekuwa viwili, na sentensi ya mwisho haina hata kimoja. Kazi ya kuunganisha imefanywa na "uchovu huo", maneno mawili yanayorudi nyuma na kushika wazo lililotangulia. Nitalirudia hilo mbele, kwa sababu linaponya mengi.

Chanzo cha dalili hii mara nyingi ni orodha ya kukariri. Mwandishi amefundishwa viunganishi vya nyongeza kwa wingi: aidha, pia, vilevile, isitoshe, zaidi ya hayo, mbali na hayo, kadhalika. Ndivyo vinavyomjia kwanza, navyo ni salama kwa maana kwamba karibu chochote kinaweza kuongezwa juu ya chochote. Ukikuta aya yako ina nyongeza tupu, ishuku. Mawazo ya binadamu yanapopangwa kutetea jambo, ni nadra kuwa yanaongezeana tu. Yanasababishana, yanawekeana mipaka, yanajibizana.

Dalili: insha inasomeka kama orodha ya "Kwanza, Pili, Tatu"

Kipimo chake ni rahisi. Badilisha nafasi za aya ya pili na ya tatu. Kama hakuna kilichoharibika, namba zilikuwa pambo. Namba zinafaa pale ambapo mfuatano una maana: hatua za kazi, ngazi za uzito, matukio ya historia. Kwingineko tafuta kwa nini hoja hii imekaa baada ya ile. Labda ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, basi sema hivyo: "Lililo zito zaidi ni gharama." Labda inajibu swali lililoachwa na ya kwanza. Labda hazina uhusiano kabisa, na moja inapaswa kutoka.

Dalili: sentensi zinakatikakatika

Hapa watu huambiwa waongeze viunganishi, na mara nyingi ushauri huo ni mbaya kwa anayeandika Kiswahili. Viunganishi vyetu vingi vinavyosimama peke yake, kama *lakini*, *bali*, *wala*, *aidha*, *yaani*, *kabla* na *baada*, asili yake ni Kiarabu. Muundo wa Kibantu huunganisha kwa njia nyingine: ndani ya kitenzi. Mwandishi anayesahau hilo hujikuta anapanga *kisha* na *halafu* mfululizo kufanya kazi ambayo herufi mbili zingeimaliza.

Angalia: "Mgonjwa alifika hospitalini. Kisha alipokelewa na muuguzi. Halafu alipimwa damu. Baadaye alipewa dawa." Linganisha na: "Mgonjwa alifika hospitalini, akapokelewa na muuguzi, akapimwa damu, akapewa dawa." Ile *-ka-* inasema yenyewe kwamba tendo hili limefuata lile. *Kisha* iweke akiba kwa mahali penye mkato halisi: "akapimwa damu, akasubiri majibu hadi jioni, kisha akapewa dawa."

*-ki-* hubeba mawili. Hubeba matendo yanayokwenda pamoja, kama "anasoma akiandika muhtasari", ambayo ni bora kuliko "anasoma na wakati huohuo anaandika muhtasari". Hubeba pia sharti: "Ukisoma kwa sauti utayaona makosa" inatosha, "Iwapo utasoma kwa sauti basi utayaona makosa" imebeba mzigo wa bure. Kanushi yake ni *-sipo-*: "Usipopanga hoja, aya zitakupanga wewe." *-po-* nayo hufuta "wakati ambao": "mvua iliponyesha". Na kuna *naye*, *nao*, *nacho* na ndugu zake, ambazo huunganisha watendaji wawili kwa wepesi ambao *pia* haina: "Wazazi wanalalamika, walimu nao wana yao."

Tahadhari moja kuhusu *-ka-*. Ni kiungo cha masimulizi. Inaeleza nini kilifuata nini, lakini haisemi nini kilisababisha nini. Ukiandika "Bei ikapanda, watu wakapunguza matumizi", msomaji ataelewa mfuatano na huenda akakisia sababu. Katika insha ya hoja, usimwachie akisie jambo ambalo ndilo unalitetea: "Bei ilipanda, na kwa sababu hiyo watu walipunguza matumizi." Aya ya hoja iliyojaa *-ka-* hugeuka hadithi, na msomaji anaacha kupima ushahidi, anangoja kuona mwisho wake.

Dalili: sentensi haifiki mwisho

Mshukiwa mkuu ni *ambapo*. "Utafiti ulifanywa shuleni ambapo wanafunzi waliulizwa maswali ambapo wengi walisema hawapendi hisabati ambapo sababu kuu ni woga." Lugha ya taarifa za habari imeizoeza *ambapo* kuwa gundi ya kila kitu, na waandishi wa insha wameipokea hivyohivyo. Kazi yake ya haki ni kurejelea mahali au wakati. Jaribu kuweka "mahali ambako" au "wakati ambao" badala yake. Sentensi ikikataa, weka nukta. "Utafiti ulifanywa shuleni, na wanafunzi wakaulizwa maswali. Wengi walisema hawapendi hisabati, na sababu kuu waliyoitaja ni woga."

*Huku* hutumiwa vibaya kwa namna hiyohiyo. Inafaa kwa matendo mawili yanayofanyika pamoja: "aliondoka huku akilia". Ukitaka kuonyesha kwamba mambo mawili hayapatani, neno lako ni *ilhali*: "Anadai hana muda ilhali anashinda akitazama filamu."

Dalili: umechagua kiunganishi kinachofaa, lakini sentensi inachechemea

Uhusiano umeuona sawasawa, tatizo ni sarufi ya kiunganishi chenyewe. Kila kimoja kina masharti yake kuhusu kinachokifuata au kukitangulia.

*Ingawa* na *ijapokuwa* hufuatwa na sentensi yenye kitenzi kamili. *Licha ya* hufuatwa na nomino au kitenzi chenye *ku-*. Basi ni "ingawa alichelewa" au "licha ya kuchelewa", kamwe si "licha ya alichelewa". Vivyo hivyo *kwa sababu* na *kwa kuwa* huchukua sentensi, wakati *kwa sababu ya* na *kutokana na* huchukua nomino. "Kutokana na watu hawakuelewa" irekebishwe iwe "kutokana na watu kutoelewa", au "kwa kuwa watu hawakuelewa".

*Bali* hudai ukanushi kabla yake. "Tatizo si uhaba wa vitabu bali uhaba wa wasomaji" ni sawa. "Vitabu ni vingi bali wasomaji ni wachache" si sawa. Hapo panataka *lakini*. *Sembuse* na *seuze* nazo hudai ngazi: taja kwanza yule ambaye ungetegemea aweze, kisha yule ambaye matumaini yake ni madogo zaidi. "Hata walimu walishindwa kulijibu swali hilo, sembuse wanafunzi." Ukiwabadilisha nafasi, sentensi haina maana.

*Aidha* katika maandishi ya uangalifu ina maana ya *vilevile*. Anayeandika "aidha uende au ubaki" alitaka "ama uende ama ubaki". Ni kosa lililoenea sana, na linamchanganya msomaji makini kwa sababu akikutana na *aidha* hajui kama anaongezewa jambo au anapewa chaguo.

*Kwani* ikikaa katikati hutoa sababu: "Walishindwa, kwani hawakuwa na vitabu." Ukiianzishia sentensi, msomaji husikia swali. "Kwani hawakuwa na vitabu." Atairudia mara mbili akitafuta alama ya kuuliza.

Halafu kuna jozi zinazofanya kazi moja mara mbili: "ingawa alisoma sana lakini alifeli", "kwa sababu mvua ilinyesha kwa hiyo mkutano uliahirishwa", "lakini hata hivyo", "kwa mfano kama vile", "pia vilevile". Katika mazungumzo hakuna atakayezishika, kwa sababu sauti inazibeba. Kwenye karatasi toa moja. Sheria ninayoifuata ni kubakiza ile inayotangulia, maana ndiyo inayomwandaa msomaji: "Ingawa alisoma sana, alifeli."

Mwisho katika fungu hili, nafasi ya *pia*. "Mwandishi pia alihariri insha" inaweza kumaanisha kwamba kuna mwingine aliyeihariri. "Mwandishi alihariri pia insha" inaelekea kusema kwamba kulikuwa na kitu kingine alichokihariri. Iweke jirani na neno unalotaka kuliongeza.

Dalili: hoja inayumba, msomaji hajui uko upande gani

Hesabu *lakini* na *hata hivyo* katika aya moja. Zikizidi mbili, pengine umeandika hivi: "Intaneti hurahisisha utafiti. Hata hivyo, ina habari za uongo. Lakini huokoa muda. Hata hivyo, huleta uraibu." Kila sentensi inaitengua iliyotangulia, na mwishoni msomaji hana alichobaki nacho. Chanzo ni kwamba faida na hasara zimeandikwa kwa zamu, kadiri zilivyokuja kichwani.

Kusanya za upande mmoja pamoja, za upande wa pili pamoja, kisha ufanye mgeuko mmoja tu. Mgeuko ukiwa mmoja, unasikika.

Dawa ya pili ni *ingawa*, na hapa inafaa kukaa kidogo. Soma sentensi hizi mbili:

"Ingawa intaneti ina habari nyingi za uongo, huokoa muda wa mtafiti."

"Ingawa intaneti huokoa muda wa mtafiti, ina habari nyingi za uongo."

Ukweli uliotajwa ni uleule. Msimamo ni tofauti kabisa. Kilichowekwa chini ya *ingawa* kimekubaliwa lakini kimepunguzwa uzito. Kilichobaki nje ndicho mwandishi anachokisimamia, na ndicho msomaji atategemea kifafanuliwe katika sentensi inayofuata. Kwa hiyo, kabla ya kuandika *ingawa*, amua lipi unalikiri na lipi unalitetea. Ukiandika sentensi ya pili hapo juu halafu ukaendelea kusifu kasi ya intaneti, insha itayumba hata kama sarufi haina doa. Makosa ya namna hii hayaonekani kwa kusoma sentensi mojamoja. Yanaonekana ukisoma sentensi yenye *ingawa* pamoja na inayoifuata.

Dalili: msomaji anauliza "hii ipi?"

"Bei ya karatasi imepanda, shule zimepunguza mitihani ya majaribio, na wanafunzi hufanya mazoezi machache. Hii inaathiri matokeo yao." *Hii* ni bei? Ni kupunguzwa kwa mitihani? Ni uchache wa mazoezi? Mwandishi ametupa *hii* akitumaini itashika kila kitu, na haijashika chochote.

Ipe nomino yake, na utumie kiashiria chenye *-o* (*huo*, *hiyo*, *hilo*), ambacho kazi yake hasa ni kuonyesha kitu kilichokwisha kutajwa: "Upungufu huo wa mazoezi huathiri matokeo yao." Nomino unayoichagua inaweza hata kutoa hukumu. Jambo lilelile unaweza kuliita "hatua hiyo", "uzembe huo", "kujitolea huko" au "mkanganyiko huo", na kila jina linaipeleka insha upande wake. Kiunganishi cha kawaida hakiwezi kufanya hivyo, ndiyo maana napenda waandishi wazoee njia hii mapema.

Dalili: ndani ya aya pako sawa, lakini kati ya aya na aya pana shimo

Soma sentensi ya mwisho ya kila aya na ya kwanza ya inayofuata, uyaache mengine yote. Tuseme aya moja inaishia hivi: "Kwa sababu hiyo, wanafunzi wengi hawana mahali patulivu pa kusomea nyumbani." Inayofuata inaanza: "Pili, maktaba ni muhimu." Mawazo hayo mawili yako karibu sana, lakini *pili* imeyatenganisha. Chukua neno kutoka aya ya juu ulivushe: "Utulivu huo unaokosekana nyumbani ndio ambao maktaba inaweza kuutoa." Sasa aya ya pili ina sababu ya kuwa pale ilipo, na *ndio* imeweka mkazo mahali panapostahili.

Ukijaribu mara kadhaa na usipate neno la kuvusha, aya hizo hazikupaswa kuwa jirani. Badilisha mpangilio, au andika aya fupi katikati inayojaza hatua uliyoiruka.

Dalili: kiunganishi kinang'aa kuliko wazo

*Fauka ya hayo*, *mintarafu ya*, *minghairi ya*. Ni maneno halali yenye heshima yake, ila huletwa ili insha ionekane nzito, na mara nyingi huletwa bila maana zake kuchunguzwa. *Fauka ya* ni zaidi ya. *Mintarafu ya* ni kuhusu. *Minghairi ya* ni bila ya, pasipo. Anayeyatumia matatu yote kama nyongeza amekosea mara mbili kati ya tatu. Kama insha yako nzima inazungumza kwa lugha ya kawaida, *zaidi ya hayo* itaifaa kuliko *fauka ya hayo*. Kama lugha yako yote ina uzito huo, endelea nayo.

Dalili: hitimisho linasikika kama limebandikwa

"Kwa kumalizia" haimalizi kitu. Msomaji anaona mwenyewe kwamba ukurasa unaisha. Chanzo huwa ni kwamba hitimisho limekuja kurudia hoja, na mwandishi amehitaji tangazo ili marudio yasishangaze. Futa maneno hayo, kisha usome aya bila hayo. Ikisimama, iache. Isiposimama, jiulize hoja zote zilizotangulia zinamlazimu msomaji akubali nini ambacho hakuwa amekikubali mwanzoni, na uanze na hicho: "Basi lawama za uvivu hazina msingi mpaka saa za kulala zichunguzwe." Hapo *basi* ina haki yake, kwa sababu kinachoifuata kimetokana kweli na kilichoitangulia.